Mdomo wa Mama

"Wamenikataa, mama," Cédric alitafsiri, huku mwalimu bado anatabasamu.

Emma, mwalimu wake wa kemia, alikuwa amesema kinyume kabisa. Chuo kikuu kimoja cha Scotland kilikuwa kimempa Cédric nafasi ya kusomea udaktari, pamoja na ufadhili. Lilibaki jibu lake tu, kabla ya jioni ya Ijumaa. Cédric alimwambia atafikiri.

Mama yake, Anne-Marie, alikuwa ameketi kando yake. Walipoingia ofisini, Emma alitahadharisha kwamba kiti cha dirishani kimelegea mguu, naye mama akachukua kile kingine. Sasa alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Emma akadhani ni machozi ya furaha, akamsogezea tishu.

"Bado Mungu iko, papa," mama alisema. Hivyo ndivyo akina mama wa Bukavu wanavyowaita vijana wao wakiwabembeleza. Kisha akamgeukia Emma, akamshukuru kwa neno pekee la Kiingereza alilozoea kulitamka.

Cédric hakudanganya kwa ubaya. Tangu wafike Edmonton, mtaa wa London, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa mama: kwa daktari, kwenye ofisi ya nyumba, shuleni kwa mdogo wake Bijou, hata kwa jirani aliyelalamikia harufu ya samaki. Kaka mkubwa, Anselme, alikwenda kusoma Leeds, akaoa hukohuko, na siku hizi husikika Krismasi tu. Cédric naye akienda, nani atamwambia daktari mahali panapomuuma mama? Bijou huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na bado yuko umri wa kuchora kuta.

Ndani ya basi mama alimshika mkono kama mtoto. Alimliwaza njia nzima: vyuo viko vingi hapa karibu, mwaka kesho atajaribu tena, nyumbani chakula kipo. Cédric alitazama nje, akiona aibu kupewa pole ya msiba usiokuwapo.

Aliyemvuruga ni Yamileth, rafiki yake wa darasani, binti wa Kikolombia aliyepata nafasi chuo kilekile cha Scotland. Yeye pia alikua akimtafsiria mama yake, mfanya usafi maofisini. Akiwa mdogo, hospitalini, ni yeye aliyelazimika kumwambia kwa Kihispania kwamba mimba imeharibika. Wenzao wa Amerika ya Kusini pale shuleni karibu wote walikuwa na kisa kama hicho, na walisoma hivyohivyo, vitabu magotini ndani ya basi, wakitoka kuwasaidia wazazi wao kufagia. Sasa mama yake Yamileth ameanza darasa la Kiingereza. Anakosea, watu wanamcheka, na anaendelea.

"Unajifanya sadaka," Yamileth alimwambia kantini. "Mama yako alivuka mpaka na wewe mgongoni. Leo atashindwa na daktari wa Edmonton?"

"Humjui mama."

"Na wewe unamjua?"

Ijumaa Cédric aliondoka shuleni kabla ya kipindi cha Emma. Angeweza kukubali kwa simu palepale, lakini kwao mtu haanzi safari ya namna hiyo kabla mama hajamwekea mkono kichwani. Angekiri kwanza, apewe baraka, ndipo ajibu. Katika duka la Wakongo alinunua makayabu, samaki wa chumvi ambao mama hawakatai hata akiwa amenuna. Njiani alijikuta akitabasamu peke yake. Angempigia mama kila jioni. Daktari angetafsiriwa kwa simu. Bijou angebanwa mpaka Kiswahili kimtoke.

Alifungua mlango polepole ili asisikike. Jikoni mwanamke alikuwa akizungumza Kiingereza, taratibu, bila kukwama, kama mtu aliyekizoea. Cédric alidhani ni nesi aliyekuja kumwona mama, akafurahi kwamba amewahi kuja kutafsiri. Akasogea.

Mama alikuwa peke yake, amempa mgongo, simu sikioni.

"Hapana, Emma," alikuwa akisema kwa Kiingereza hichohicho. "Ameamua mwenyewe kubaki na familia. Tafadhali waambie leo, nafasi wampe mwingine."

Alikata simu, akageuka, akamkuta amesimama mlangoni na samaki wake.

"Umekuja saa muzuri, papa," alisema kwa Kiswahili. "Kuna muzungu amepiga simu. Sijasikia hata neno."