Mstari Usiopinda

Kwenye skrini, mistari iliyochorwa na mashine juu ya moyo wa Mbaruku ilipinda kwa kila pigo. Mmoja haukupinda.

“Hapa nyama imekufa,” daktari alimwambia Zuhra, mke wa Mbaruku. “Kovu la zamani. Aliwahi kubanwa na kifua?”

Zuhra aliinamia kofia ya mumewe aliyoipakata. Miaka tisa nyuma, binti yao alipozikwa, Mbaruku alishindwa kushuka kaburini kumpokea mtoto. Badala yake alishuka mdogo wake wa kiume. Tangu siku hiyo Zuhra humpakulia chakula, lakini haketi kula naye.

“Mama?”

“Aliporudi kutoka makaburini alisema kifua kinambana,” Zuhra alijibu. “Nikamwita mwoga.”

Daktari akainamia kipaza sauti. “Baba, zuia pumzi.”

Nyuma ya kioo, ndani ya mashine, Mbaruku akatii. Zuhra akaibana kofia ya mumewe mapajani, akisubiri aambiwe apumue.