Turubai la Misiba

Dominika alikata jani la isale mpakani mwa kihamba chake cha migomba, akalificha ndani ya kanga upesi upesi. Huku Uru, mtu akikuona na isale mkononi haulizi unakwenda wapi. Anajua umemkosea mtu na unakwenda kuomba radhi, na atataka kujua ni nani. Dominika hakutaka kuulizwa.

"Twende mzee, kabla sijaghairi," alimwambia Wenseslaus, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani.

Wenseslaus ndiye aliyelikuta turubai. Asubuhi ile alipanda darini kwake kushusha magunia ya kahawa, akaliona limekunjwa vizuri chini yake, jina la jumuiya pembeni. Turubai lile lile la bluu la misiba, lililosakwa tangu Kwaresima! Wanawe walilitumia kufunika kahawa wakati wa vuli, wakalisahau. Basi. Mwizi hakuwahi kuwepo.

Lakini mwizi walishampata, na jina lake lilitoka mdomoni mwa Dominika.

"Mimi nilimwona Primus anashuka sokoni na furushi la bluu begani," alisema siku ile kwenye jumuiya, rozari bado mkononi. Furushi alikuwa ameliona kweli. La nini, hakuuliza. Primus akajitetea mpaka sauti ikamkauka, na hakuna hata mmoja aliyesimama kumsemea. Mwenyekiti akaamua asikanyage jumuiya mpaka akiri, na watu, jamani, wakaitikia amina.

Kuanzia hapo maziwa yake yakakosa wanunuzi. Binti yake alipopata kipaimara, Primus alipika ndizi, akachinja mbuzi, akapanga viti uani. Hakwenda mtu. Dominika alipita pale jioni, akaona vile viti vitupu, akageuza uso na kukaza mwendo. Leo alikuwa akiviona tena viti vile kila alipofumba macho, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Utaanza wewe kusema," Wenseslaus alinong'ona njiani.

"Nianze mimi? Turubai lilikuwa kwako."

"Na aliyemwona na furushi ni nani, mama Jovin?"

Dominika akatangulia mbele. Walitembea wakiteleza kwenye tope.

"Na akikataa?" Dominika aliuliza baadaye.

"Isale halikataliwi, unajua. Akishalipokea yamekwisha, hakuna wa kuyafufua. Jumapili nitawatangazia wote. Mpaka sasa tunajua mimi na wewe tu, hata wanangu sijawaambia."

Dominika alisali kimoyomoyo apewe maneno. Alikuwa amedhamiria kweli kweli. Angepiga magoti mbele ya mtu wa rika la mwanawe, watu wamwone, wamcheke wakitaka. Alistahili.

Hawakuwahi hata kupiga hodi. Primus alitokea kwenye migomba, amekonda, shati limemlegea mabegani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama Jovin."

"Marahaba," Dominika alijibu. Mkono wake ulilishika jani ndani ya kanga. "Primus mwanangu, tumekuja..."

"Nilikuwa nakuja kwenu."

Akapiga magoti pale pale topeni. Ndipo walipoona alichokuwa nacho mkononi. Lilikuwa jani la isale.

"Turubai nilichukua mimi," alisema.

Wenseslaus akarudi nyuma hatua moja.

"Nilichukua mimi, nikaliuza Tarakea. Nakiri." Hakuwatazama. Alisema haraka haraka, kama mtoto anayekariri katekisimu. "Mama yupo ndani, hata uji haumezi tena. Sina uwezo wa kumzika mimi na mke wangu peke yetu, nani atabeba jeneza? Kataeni kuja kwangu maisha yangu yote, lakini mama yangu mzikeni. Naomba mnisamehe."

Kutoka mlangoni ilisikika pumzi ya mama yake, inakwama, inaanza tena.

Hukuchukua wewe. Ni hayo tu Dominika aliyotakiwa kusema, na yalikuwa yamemfika kooni. Akamtazama Wenseslaus. Wenseslaus alikuwa akitazama barabarani, juu na chini, kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu.

"Simama, mwanangu," Wenseslaus alisema. "Jumuiya imekusamehe."

Dominika alilisukuma jani lake ndani zaidi ya kanga, kisha akanyoosha mkono wa kulia, akapokea la Primus.