Zamu ya Kituoni

Bodi ya Usafiri ya Mkoa iliamua kwamba kituo kisicho na mtu anayengoja, iwe usiku au mchana, kinafutwa, na basi haliji tena. Basi ndilo linalotupeleka hospitali, kwa hiyo tunapeana zamu. Siku ya kumzika mama, zamu ilikuwa ya nyumba yetu.

“Nenda wewe, Sekela,” baba mdogo alisema. “Kamera ya Bodi pale kituoni haijui msiba.”

Nikakaa kwenye benchi, nikisikia nyimbo za makaburini. Wanabodi wenyewe wana magari yao. Kituo chetu wanakiona kwenye skrini tu.

Ambakisye, mdogo wangu, akaja mbio na udongo wa kaburi mkononi.

“Dada, mtupie mama hapahapa.”

Nikautupa barabarani. Basi likaja tupu, likasimama juu ya udongo ule, likanifungulia mlango.