Umbali wa Perth

Simu ya mumewe iliingia jioni, Paskalina akiwa anamenya viazi uani kwake Nyahanga.

"Nimeshafika Perth, Mama Ritha. Salama kabisa."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi. Asubuhi ile ile alikuwa amempigia akisema yuko uwanjani Dar es Salaam, ndiyo kwanza anapanda ndege. Na wakala aliyemtafutia kazi kwenye migodi ya Australia aliwaambia wote wawili kwamba safari hiyo ni zaidi ya saa ishirini, na ndege hubadilishwa njiani. Ng'ombe wao wote waliuzwa apate kwenda.

Nyuma ya sauti ya mumewe, karasha lilikuwa likisaga mawe ya dhahabu. Mtu akapaza sauti kwa Kisukuma, akitaka aletewe maji.

Paskalina akaelewa. Wakala alikuwa amewatapeli. Mumewe yuko machimboni, pengine hapo Segese tu, na aibu imemzuia kurudi nyumbani.

"Huko kuna baridi?" akauliza taratibu.

"Ipo. Ipo kiasi."

"Basi ujifunike vizuri, Baba Ritha. Pole na safari."