Kobe wa Ukutani

Barua kutoka ng'ambo ilisema wazi: michoro ya kitabu chake cha watoto imeshinda tuzo ya dunia, sasa alete mchoro wa jalada wenyewe kwenye maonyesho, si nakala yake. Mwalimu Raziki aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Mchoro wenyewe ni kobe aliyemchora kwa mkaa ukutani mwa darasa la chekechea.

Akashika patasi ili ambandue kobe na lipu yake. Akaiweka. Akaishika. Akaigonga kwa nyundo, na lipu ikapasuka kwenye mguu wa kobe.

"Mwalimu, unampeleka wapi?" akauliza Tunu, mtoto aliyekaa kwenye mkeka wa mbele.

"Ng'ambo. Watu wakamwone."

"Atarudi lini?"

Raziki akainua nyundo. Tunu alikuwa ameshafika ukutani, amebandika viganja vyote viwili juu ya ufa, kama anayezuia damu isitoke.