Kaka Mpya wa Sabra

Sufiani alikuwa ndiyo kwanza ameutua mkungu wa tatu wa ndizi alipoambiwa akaoge upesi, avae kanzu, aje aamue kama dada yake aolewe au asiolewe.

Alioga akihesabu matatizo yake. Kwanza, hakuwa Sufiani. Pili, Sabra hakuwa dada yake. Alikuwa mchumba wake.

Jina lake hasa lilikuwa Mwinjuma, wa Mafiga, mjini Morogoro. Mwaka huo kaka yake, Abeid, alimfukuza kwenye nyumba ya marehemu baba yao, akamwambia asirudi mpaka awe mtu. Habari hiyo ikapanda milima ya Uluguru hadi huku juu, kijijini Kinole. Bi Mwanahawa, mama yake Sabra, akaapa kwamba kijana aliyekataliwa na nduguye wa damu hatakanyaga uani kwake. Alikuwa hajawahi kumwona, ila kwa picha moja ya kwenye simu: kidevu kimenyolewa, miwani ya jua usoni.

Basi Mwinjuma akafuga ndevu, akaazima jembe, akapanda mlima kutafuta kibarua kwa jina la Sufiani. Ili apokelewe vizuri, akaongeza uongo mmoja mdogo: kwamba mama yake mzazi alikuwa wa ukoo wa Bi Mwanahawa.

Akapokelewa vizuri mno. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu. Bi Mwanahawa, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, alimkumbatia huku analia.

"Sabra! Njoo umsalimie kaka yako."

Sabra alimsalimia akiwa ameuficha uso kwenye kanga. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Kwa miezi minne Mwinjuma, ambaye mjini alifuliwa hata soksi, alilima, akapalilia, akateremsha ndizi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili. Mjanja wa Mafiga, alijiambia kila alipoteleza na kukaa kitako matopeni. Ni kweli hakuna mahali kaka anaoa dada, lakini hilo angelifikiria mbele ya safari. Alimpenda Sabra, basi. Kila siku alikaa hatua tatu kutoka kwake, wanamenya mihogo, mapenzi yote yakiishia kwenye maganda.

Kilichomkosesha raha kilikuwa Turiani. Huko kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mchele ambaye Bi Mwanahawa hakumaliza kula bila kumsifu kwamba angefaa kuwa mkwe. Na mwezi huu Sabra alikuwa ameshuka mjini mara tatu, kila mara akirudi anaimba.

Asubuhi hiyo Sabra alikuwa amempitia bombani kwa haraka.

"Leo ukiulizwa, sema ndiyo."

"Ndiyo kwa lipi?"

"Wewe sema tu. Mama huyo, anakuja."

Sasa Mwinjuma alikuwa amekaa mkekani, kanzu ya kuazima ikimwishia magotini. Mbele yake alikuwa mshenga, mzee mgeni aliyekuja na mfuko wa mchele. Harufu ya mchele huo ilijaa sebule nzima. Hakuhitaji kuuliza umetoka wapi.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa shida.

"Marahaba, baba."

Mjomba Said, msemaji wa ukoo, akaiweka bahasha ya posa aliyoileta mshenga katikati ya mkeka, imefungwa vilevile.

"Hapa kwetu hatuanzi kwa kufungua," alisema. "Tukiliona jina, tutaanza kuhesabu mashamba ya mtu. Kaka mtu ndiye anayesema: tupokee, au irudi. Na ikirudi, Sufiani, imerudi. Mtu huyo hana posa ya pili nyumba hii mpaka kiama."

Nyuma ya pazia Sabra alikohoa. Akakohoa tena. Kikohozi cha tatu kilikaribia kuwa neno.

Kumbe anamtaka kweli huyo wa Turiani, Mwinjuma akawaza, na moyo ukamuuma kama umebanwa na mlango. Akasimama.

Hakuwahi kusema vizuri namna ile maishani mwake. Alisema dada yake si wa kubadilishwa na mfuko wa mchele. Alisema mwanamume wa kweli huja mwenyewe, kwa uso wake na jina lake, akashika jembe watu wakaliona jasho lake. Hajifichi ndani ya bahasha. Alisema yeye, kwa heshima ya ukoo wa mama yake, hakubali leo, hakubali kesho.

Bi Mwanahawa alifuta machozi kwa fahari. Mjomba Said akasema neno limekwisha, na mzee mgeni akaanza kutafuta viatu vyake. Nyuma ya pazia sinia lilianguka na vikombe vyote.

"Wewe ndiye msomi wetu, mwanangu," alisema Bi Mwanahawa. "Fungua sasa utuandikie majibu. Soma kwa sauti, tumjue tuliyemkataa."

Mwinjuma aliichana bahasha kwa raha zote. Akasoma, sauti ikimpungua kadiri alivyoendelea:

"Mimi ni Abeid, wa Mafiga, na mshenga huyu ni baba mkwe wangu wa Turiani, nilikooa majuzi. Nilimkosea mdogo wangu, nimejuta, na nyumba ya baba yetu ni yake pia. Kwa unyenyekevu mkubwa naleta posa ya binti yenu Sabra, aolewe na mdogo wangu huyo, Mwinjuma."