Harufu ya Kuku

Baridi ya Ufipa ilimsogeza Bibi Kalista jikoni. Akakoroga uji wa ulezi, mkono umetulia. Miaka minne ya vidonge vya ugonjwa wa kutetemeka haikwenda bure.

Siku za nyuma muuguzi wa misheni alikuwa amemwonya: "Bibi, dawa hii ikinywewa muda mrefu hupunguza vitamini mwilini. Miguu ikifa ganzi, uje uchomwe sindano."

"Nitakuja, mwanangu, nikishavuna."

Mara akasikia harufu ya ngozi inayoungua. Akatabasamu. Kumbe jirani kapata mgeni, anababua kuku!

"Mama Zenoni!" akaita.

Ndipo akakumbuka: Mama Zenoni na wenzake wote walihamia kijiji cha ujamaa tangu mwaka jana.

Harufu ikazidi. Akainama kuutazama mguu wake wa kushoto, uliotulia tuli juu ya kaa la moto.